Msaidizi wa Sauti: Mpe Kazi Unayoweza Kuikagua

Kati ya maswali yote ambayo watu huniuliza kuhusu wasaidizi wa sauti, la kwanza huwa ni hili: "Hivi hii simu inatusikiliza muda wote?" Jibu langu haliwaridhishi wengi. Maikrofoni iko wazi muda wote, ndiyo. Lakini kinachosikiliza muda huo ni kiprogramu kidogo kilichomo ndani ya simu yenyewe, na hakielewi lugha yoyote. Kimefundishwa kutambua mlio wa maneno mawili matatu tu: "Hey Siri", "Hey Google", "Alexa". Kinashika sekunde chache za sauti, kinazipima, kinazifuta, kinashika nyingine. Hakijui kama unamsengenya jirani au unalalamikia kodi ya nyumba. Kikisikia mlio unaofanana na jina la msaidizi ndipo kinauamsha mtambo mkubwa, na kuanzia hapo sauti yako hurekodiwa na, kwa vifaa vingi, kusafirishwa hadi kwenye seva za kampuni huko ng'ambo.

Balaa huanzia kwenye huko kufanana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern cha Marekani na Imperial College London waliziweka spika janja za kampuni kadhaa mbele ya tamthilia za televisheni, wakahesabu ni mara ngapi zinaamka bila kuitwa na mtu. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2020, baadhi ya vifaa viliamka hadi mara 19 kwa siku. Mwaka huohuo watafiti wa Bochum, Ujerumani, walipata zaidi ya mafungu 1,000 ya maneno yasiyohusika kabisa ambayo yaliweza kuziamsha. Tena kilichorekodiwa kwa bahati mbaya hakikubaki kwa mashine peke yake. Mwaka 2019 vyombo vya habari vya Marekani, Ubelgiji na Uingereza vilifichua kwamba Amazon, Google na Apple walikuwa na watu waliolipwa kusikiliza sehemu ya rekodi hizo, ili kuusahihisha mtambo pale ulipokosea. Mwezi Januari 2025 iliripotiwa kwamba Apple imekubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi iliyohusu Siri kurekodi bila kuitwa, ingawa haikukiri kosa. Amazon nayo mwaka 2023 ilikubali kulipa dola milioni 25 kwa mamlaka za Marekani, kwa madai ya kuhifadhi rekodi za sauti za watoto kwa muda mrefu kuliko sheria inavyoruhusu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mfupi: kama huna mazoea ya kumwita msaidizi kwa jina, zima huko kuitwa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya msaidizi, zima kipengele cha kuamka kwa sauti. Hupotezi kitu. Bado utamwita kwa kubonyeza kitufe unapomhitaji, na wakati ambao hujabonyeza atakuwa amelala. Halafu zoea kutazama pembe ya juu ya kioo. Simu za Android kuanzia toleo la 12 huonyesha alama ya kijani programu inapotumia maikrofoni au kamera. iPhone huonyesha kitone cha rangi ya machungwa kwa maikrofoni. Ukikiona kitone hicho na wewe hujaomba chochote, teremsha kioo uone ni programu ipi, kisha uinyang'anye ruhusa. Kuna michezo na tochi za simu zinazoomba maikrofoni bila sababu ya maana.

Hayo ya kusikilizwa tuyaache hapo, kwa sababu siyo yanayowaumiza watu wengi. Kinachowaumiza ni kumwamini msaidizi kwa kazi asiyoiweza, na kumnyima ile anayoiweza. Ili kutofautisha, inabidi ujue kinachotokea pale unapofungua mdomo.

Chukua sentensi hii: "Nikumbushe kumpigia fundi kesho saa nne." Kazi hiyo haifanywi na mtambo mmoja, ni mbio za kupokezana vijiti. Wa kwanza anageuza sauti kuwa maandishi. Wa pili anayasoma maandishi hayo na kutafuta nia: huyu anataka kikumbusho, si kupiga simu sasa hivi. Kisha anatafuta vya kujaza kwenye nafasi zilizo wazi: kukumbushwa nini, siku gani, saa ngapi. Wa tatu anaipeleka amri kwenye programu husika, hapa ni kalenda au saa. Wa nne anageuza jibu kuwa sauti na kukusomea. Kijiti kikianguka mkononi mwa wa kwanza, walio mbele yake hawajui. Wanaendelea kukimbia kwa kujiamini kabisa na kitu kisicho kijiti. Ndiyo maana msaidizi hukosea kwa sauti ileile tulivu anayotumia anapopatia.

Mpango huu una historia ndefu kuliko simu zetu. Mwaka 1962, kwenye maonyesho ya dunia ya Seattle, IBM ilionyesha mashine iitwayo Shoebox iliyotambua maneno 16, zikiwemo tarakimu kumi. Mwaka 2003 Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kupitia wakala wake wa utafiti DARPA, ilianza kugharimia mradi wa CALO chini ya taasisi ya SRI International ya California, ikitaka msaidizi wa ofisini atakayepanga vikao, barua pepe na kumbukumbu na kujifunza tabia za bosi wake. Kutoka humo ilizaliwa kampuni ya Siri mwaka 2007. Apple iliinunua Aprili 2010 na kuiweka kwenye iPhone 4S mwaka uliofuata. Alexa wa Amazon alikuja 2014, Google Assistant 2016. Ninayataja haya kwa sababu moja: hao wote walilelewa kwa Kiingereza, kwa shughuli za ofisi za Marekani, na malezi hayo bado yanaonekana.

Yanaonekana hasa kwa mkimbiaji wa kwanza. Mashine hujifunza kusikia kwa kupewa sauti za watu pamoja na maandishi ya walichosema, kwa maelfu ya saa. Kampuni ya OpenAI ilipotoa mtambo wake wa Whisper mwaka 2022, ilieleza kuwa umefundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Katika hizo, saa za sauti ya Kiswahili zilizoambatana na maandishi ya Kiswahili hazikufika hata 10. Lugha ya mamilioni ya watu ilipewa muda usiotosha kusikiliza hotuba za wiki moja ya Bunge. Hata wenye Kiingereza chao hawakupewa sawa: utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2020 ulipima mitambo ya kampuni tano kubwa na kukuta inakosea takriban maneno 35 katika kila 100 kwa Wamarekani weusi, na 19 kwa weupe. Kama Mmarekani wa Washington anasikiwa vibaya kwa lugha aliyozaliwa nayo, wewe uliyezaliwa Tanga na kukulia Kigoma usishangae.

Hali inabadilika, na kwa upande wetu inabadilika haraka. Google iliweka Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti tangu Agosti 2017, na kibodi yake inakupa kuchagua Kiswahili cha Tanzania au cha Kenya. Chagua kilicho chako. Majina ya mahali na matamshi huokoka zaidi. Siri na Alexa hawajapewa Kiswahili mpaka ninapoandika haya, lakini wasaidizi wapya wa akili mnemba kama Gemini na ChatGPT wanakisoma na kukiandika, na kwa mazungumzo ya kawaida hutaona tabu kubwa. Tabu inakuja kwenye mambo ambayo Kiswahili kinayafanya kwa njia yake.

La kwanza ni kukanusha. Mwingereza akikataza jambo, hutumia neno zima linalosimama peke yake. Sisi tunakataza kwa silabi moja iliyofichwa katikati ya kitenzi. Chukua mama anayeuza vitenge Kariakoo. Nje bodaboda zinapiga honi, ndani redio imefunguliwa, na yeye ameshika utepe wa kupimia kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Anamwambia msambazaji wake kwa kuandika kwa sauti: "Kaka, usilete mzigo leo, stoo imejaa." Mashine ikiikosa hiyo "si" moja, ujumbe unaondoka ukisema "Kaka ulete mzigo leo stoo imejaa." Msambazaji ataona ajabu kidogo ya stoo iliyojaa, lakini mfanyabiashara gani anakataa kuambiwa alete mzigo? Jioni kuna marobota kumi mlangoni na mtu anadai nauli ya gari.

Dawa yake si kupiga kelele zaidi. Ni kuchagua kitenzi ambacho chenyewe kinakataza, kisichotegemea silabi. Badala ya "usilete", sema "simamisha mzigo". Badala ya "asilipe", sema "azuie malipo". Badala ya "msije", sema "safari imeahirishwa". Ikibidi utumie kanusho, lirudie kwa sentensi ya pili: "Usitume leo. Subiri mpaka nikwambie." Mashine ikipoteza moja, nyingine itamzindua msomaji. Ni tabia ndogo, na nadhani ndiyo ushauri wenye faida kuliko mwingine wote katika makala haya kwa mtu anayefanya biashara kwa meseji.

La pili ni saa. Msaidizi aliyelelewa kwa Kiingereza anahesabu kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Ukimwambia "niamshe saa kumi na moja alfajiri", mwerevu ataweka 5:00, mwingine ataweka 11:00, na wa tatu ataweka 5:00 leo na 11:00 kesho kutegemea ulivyoipanga sentensi. Hilo la mwisho ndilo baya, kwa sababu ukishapatiwa mara mbili tatu unaacha kuangalia. Kwa hiyo kengele yoyote ya kuamkia safari, mtihani au dawa, iangalie kwa macho kwenye kioo, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kuzima taa.

Usiku una mtego wa ziada. Tuseme una tiketi ya ndege ya tarehe 14, saa 01:40. Kwetu huo ni usiku wa kuamkia tarehe 14, saa saba na dakika arobaini, na unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 13. Ukimwambia msaidizi "nikumbushe safari ya usiku wa tarehe 14", anaweza kukuwekea kikumbusho cha jioni ya tarehe 14, wakati ndege ilishaondoka karibu siku nzima iliyopita. Kwa mambo ya tiketi achana na lugha ya nyumbani. Msomee kama ilivyoandikwa: "tarehe kumi na nne, saa sifuri moja arobaini", au mwonyeshe picha ya tiketi, kisha mwambie akutajie ni lini unatakiwa utoke nyumbani. Akitaja tarehe 13, mmeelewana.

La tatu, pesa. Mtu akisema "laki mbili na nusu" kila mwenye duka anajua ni 250,000. Akisema "elfu mia mbili", tunaangalia ni nini kinachouzwa kabla ya kuamua kama ni 200,000 au 1,200. Mashine haioni kinachouzwa. Taja kiasi chochote cha fedha kwa kidole, yaani andika tarakimu mwenyewe. Sauti itumie kwa maneno mengine yote ya ujumbe.

Kuchanganya lugha na Sheng sitakuambia uache, watu hawataacha. Nitasema tu kwamba sentensi moja ikiwa na lugha mbili, mkimbiaji wa kwanza huhangaika, na jina la kitu likitokea kwa Kiingereza katikati ya Kiswahili ni bora ulitamke kama mnavyolitamka mtaani kuliko kulisafisha kwa lafudhi ya redioni.

Tuje kwa wasaidizi wapya. Tofauti yao na akina Siri wa zamani iko kwa mkimbiaji wa pili. Siri wa mwaka 2011 alikuwa na orodha ya nia alizofundishwa. Ukimwomba kitu kisichokuwemo alisema hawezi au alikutafutia kwenye intaneti. Wasaidizi wa leo wamejengwa juu ya modeli kubwa za lugha, na modeli hizo zina kazi moja ya msingi: kukisia kipande cha neno kitakachofuata, kisha kingine, kisha kingine, kwa kufuata mifumo iliyoonekana kwenye maandishi mengi mno. Kwa njia hiyo wanaweza kuandika barua, kufupisha mkataba, kueleza fizikia. Kwa njia hiyohiyo wanaweza kukutungia kifungu cha sheria ambacho hakipo, na kikasomeka vizuri kuliko kile kilichopo. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani maandishi yenye kesi zilizobuniwa na ChatGPT.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya Kanada. Abiria aliyefiwa na bibi yake aliuliza roboti ya mazungumzo kwenye tovuti ya Air Canada kuhusu nauli ya msiba. Roboti ikamwambia anaweza kukata tiketi ya kawaida kisha akaomba punguzo ndani ya siku 90. Kanuni halisi ya kampuni ilikuwa kinyume: punguzo haliombwi baada ya safari. Alipodai fedha zake, kampuni ilijitetea kana kwamba roboti ni mtu wa pembeni anayejibu kwa maneno yake mwenyewe. Baraza la usuluhishi la British Columbia likakataa utetezi huo Februari 2024 na kuiamuru kampuni imlipe. Abiria alikuwa na ushahidi mkononi: picha ya kioo ya mazungumzo yale. Ukiongea na roboti ya benki, shirika la ndege au kampuni ya simu kuhusu fedha, piga picha ya kioo. Usingoje mpaka yaharibike.

Sasa, kanuni ninayoifuata mwenyewe: msaidizi nampa kazi ambayo nitaweza kuikagua kwa muda mfupi kuliko ambao ningetumia kuifanya. Barua kwa mwenye nyumba, sawa, kwa sababu nitaisoma na najua ninachotaka kusema. Kumbukumbu za kikao cha kikoba nilichohudhuria, sawa. Kumfanyisha kijana mazoezi ya usaili kwa Kiingereza, vizuri sana, maana hata akikosea kidogo mazoezi yanabaki kuwa mazoezi. Kutafsiri mkataba wa Kichina ambao siwezi kuusoma na ambao nitausaini kesho, hapana. Kipimo cha dawa ya mtoto, hapana.

Hata hapo penye hapana kuna njia ya kumtumia. Badilisha swali. Badala ya "mtoto wa miaka miwili apewe mililita ngapi", mwambie "niandalie maswali matano ya kumuuliza mfamasia kuhusu dawa hii." Badala ya "sheria ya ardhi inasemaje", bandika kifungu chenyewe ulichokipata kwenye sheria, kisha mwombe akieleze kwa lugha rahisi na anyooshe kidole kwenye sentensi aliyoitegemea. Modeli hizi hufanya vizuri zaidi zinapofanyia kazi maandishi uliyoziwekea mbele kuliko zinapochota kutoka kwenye kumbukumbu zao. Na ukiona jibu limekufurahisha sana, uliza tena kwa kuegemea upande wa pili: "Ni nini kinachoweza kuwa si sahihi hapa?" Wasaidizi hawa wana tabia ya kukubaliana na mwenye simu.

Kanuni hiyo ina watu isiowatendea haki. Kwa asiyeona, au mzee asiyejua kusoma, sauti ndiyo mlango wenyewe, na kumwambia "angalia kioo" ni kumfungia. Kwao kukagua ni kusomewa. Wafundishe kumaliza kila amri kwa "nisomee kabla ya kutuma", na weka simu isiwe na uwezo wa kutuma chochote bila kuthibitishwa. Kwa mama yangu mkubwa ningeweka pia majina kwenye kitabu cha simu kwa namna anavyowaita, "Baba Asha", "Fundi wa Maji", si kwa majina yao ya kwenye kitambulisho, ambayo msaidizi ataishia kuyachanganya.

Wimbi linalokuja ni la wasaidizi wanaotenda: wanafungua barua pepe, wanajaza fomu, wanakata tiketi. Hapo tahadhari iongezwe, na sababu ni ya kiufundi. Modeli ya lugha haina ukuta madhubuti kati ya maelekezo yako na maandishi inayoyasoma. Vyote vinaingia kama maneno. Mwaka 2023 watafiti wa Ujerumani walionyesha kuwa mtu anaweza kuficha amri ndani ya ukurasa wa wavuti au barua pepe, kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe kwa mfano, na msaidizi anaposoma kwa niaba yako akazitii amri hizo kana kwamba umezitoa wewe. Kwa hiyo usimpe msaidizi mmoja ruhusa ya kusoma barua kutoka kwa kila mtu na pia ruhusa ya kutuma au kulipa. Anayesoma asome tu. Anayelipa awe wewe.

Namba ya siri ya M-Pesa au ya benki haitajwi kwa sauti, wala kwa kuandikwa kwenye mazungumzo na msaidizi, wala "kwa mfano tu". Majina kamili ya wagonjwa, wanafunzi au wateja wako hayabandikwi humo vilevile. Weka A na B, kazi itakwenda. Mitambo mingi ya mazungumzo ina swichi ya kuruhusu maneno yako yatumike kuifundisha, iko kwenye mipangilio ya data. Izime leo. Kwenye akaunti ya Google kuna sehemu ya shughuli zako ambapo unaweza kuamuru kumbukumbu zijifute zenyewe kila baada ya miezi 3, 18 au 36. Mimi nimechagua 3. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na ina tume yake, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zinakupa haki ya kudai taarifa zako zirekebishwe au zifutwe, na ni vizuri ziwepo, ila kwa kampuni iliyo California kidole chako kwenye kitufe cha kufuta kitafika kabla ya barua yako.

Kisha kuna sauti yenyewe. Ufundi uleule wa mkimbiaji wa nne, wa kugeuza maandishi kuwa sauti, unaweza sasa kuiga sauti ya mtu fulani. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walieleza mtambo wao wa VALL-E uliohitaji sekunde 3 tu za sauti ya mtu ili kumwiga. Sekunde 3 ni salamu moja kwenye video ya harusi. Simu ikija usiku na sauti ya mwanao, "Mama, nimepata ajali, tuma kwa namba hii ya daktari", kata. Mpigie kwenye namba uliyoihifadhi. Asipopokea, piga kwa anayekaa naye. Kubalianeni nyumbani swali moja ambalo jibu lake halipo Facebook, kama jina la utani la mbuzi wa babu. Na kabla ya kubonyeza namba ya siri, soma jina la mpokeaji linalotokea kwenye kioo. Kama "daktari" ana jina usilolitegemea, hapo ndipo pa kusimama.

Mwisho, kwa anayetaka mitambo hii isikie Kiswahili vizuri zaidi, ipo kazi unayoweza kuifanya ukiwa umekaa kwenye daladala, ilimradi kuna utulivu. Shirika la Mozilla lina mradi wa Common Voice ulioanza 2017, ambapo watu husoma sentensi fupi kwa sauti na wengine huzikagua, na mkusanyiko wote huachwa wazi kwa yeyote anayetengeneza programu. Kiswahili kimo. Kinyarwanda kilitangulia kwa kishindo: wachangiaji wa Rwanda walisoma hadi lugha yao ikawa miongoni mwa zenye saa nyingi zaidi katika mradi mzima. Nimetoka kukuonya kuhusu sekunde 3, kwa hiyo amua mwenyewe: sauti unayoitoa pale ni ya wazi kwa dunia, ingawa haiambatani na jina lako. Kama hilo linakutia wasiwasi, acha kusoma, fanya ukaguzi peke yake. Hauhitaji sauti yako hata kidogo. Utasikilizishwa mtu akisoma sentensi na utabonyeza ndiyo au hapana. Bonyeza hapana kama ameruka neno, ameongeza neno, au kelele zimemfunika. Usibonyeze hapana kwa sababu anasoma kama mtu wa Lamu, wa Lubumbashi au wa Musoma. Hao ndio wanaohitajika zaidi.